Mikao, mabapa na pande za mwili katika anatomia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uuguzi, utabibu na tiba ya viungo, na huulizwa pia na watu walioshika majibu ya eksirei wakitaka kujua kilichoandikwa juu ya mwili wao wenyewe. Istilahi za kitaalamu nimeziandika kwa matamshi ya Kiswahili, maana utakutana nazo darasani na kwenye ripoti, na kila moja nimeieleza hapo hapo.

Kwa nini tusiseme tu juu, chini, mbele na nyuma?

Tunasema, na mara nyingi yanatosha. Shida huanza mwili unapobadili mkao. Mgonjwa amelala chali, kifua kinatazama dari: je, kifua sasa kiko juu ya mgongo? Ameinua mkono hewani: kiganja kiko juu ya kiwiko au chini yake? Daktari wa upasuaji, muuguzi wa zamu ya usiku na mpiga picha za eksirei wanaweza kujibu kila mmoja kivyake, na wote wakawa na hoja.

Anatomia imeukata ubishi huo kwa kanuni moja. Vyovyote mwili ulivyolala, ulivyopinda au ulivyoning'inia, pande zake hutajwa kana kwamba mtu amesimama katika mkao mmoja uliokubaliwa. Mgonjwa wa chali kifua chake kiko mbele ya mgongo, basi. Mtu aliyenyoosha mikono juu, viganja vyake bado viko mbali na bega kuliko viwiko.

Makubaliano ya aina hii hayakuja kwa urahisi. Mwishoni mwa karne ya 19 sehemu za mwili zipatazo 5,000 zilikuwa na majina takriban 50,000, kwa sababu kila shule na kila nchi ilikuwa na yake. Mwaka 1895 wanaanatomia wa Ujerumani walikutana Basel, Uswisi, wakapitisha orodha moja ya Kilatini. Orodha ya kimataifa iliyorithi kazi hiyo ilitoka mwaka 1998, ikaja kufanyiwa marekebisho mwaka 2019.

Mkao wa kianatomia ni upi hasa?

Simama wima, nyayo zimekanyaga chini na vidole vya miguu vinaelekea mbele. Uso uangalie mbele, macho yatazame mbali usawa wa upeo. Mikono iteremke kando ya mwili, viganja vitazame mbele, na vidole gumba vielekee nje, mbali na mapaja.

Jambo ambalo wanafunzi hulisahau ni viganja. Mtu akisimama bila kujifikiria, viganja vyake hutazama mapaja. Katika mkao wa kianatomia lazima vitazame mbele, na ipo sababu nzuri. Kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hiyo hukaa sambamba, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Kigeuze kiganja kitazame nyuma, na mfupa wa upande wa gumba huvuka juu ya mwenzake. Jaribu sasa hivi: shika kigasha cha kulia kwa mkono wa kushoto, karibu na kifundo, kisha geuza kiganja taratibu. Utahisi mfupa ukizunguka chini ya vidole vyako. Ndiyo maana ilibidi mkao mmoja uchaguliwe, la sivyo upande wa ndani na wa nje wa kigasha ungebadilika kila mtu anapogeuza mkono.

Kulia ni kulia kwa nani?

Ni kulia kwa mgonjwa. Daima. Hata ukiwa umesimama mbele yake mkitazamana, hata ukiwa unachora mchoro, hata ukiwa unaangalia picha yake ukutani.

Ningependa kila anayeanza kozi ya afya aifahamu hii kabla ya istilahi nyingine yoyote. Viungo vingi tunavyo viwili viwili: figo, mapafu, macho, matiti, nyonga, magoti. Upande ukikosewa kwenye karatasi, karatasi hiyo inapita mikono kadhaa, na kila anayeipokea anaamini aliyemtangulia alihakikisha. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka timu nzima isimame kidogo kabla ya kisu kugusa ngozi na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kupasua. Mahali pa kupasua panatakiwa pawe pameshawekwa alama, na wakati mzuri wa kuiweka ni mgonjwa akiwa bado macho, anaweza kusema mwenyewe ni goti lipi.

Mbona kwenye picha ya eksirei moyo unaonekana upande wangu wa kulia?

Kwa sababu picha huangaliwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako anakutazama. Kulia kwake kuko kushoto kwako. Ncha ya moyo, ambayo kwa watu wengi huelekea kushoto kwa mwenye moyo, itaonekana upande wa mkono wako wa kulia. Kwenye kona ya picha tafuta alama ya upande, herufi iliyotengenezwa kwa risasi na kuwekwa wakati wa kupiga picha. Picha isiyo na alama ya upande irudishwe kwa aliyeipiga. Usibahatishe kwa kuangalia moyo uko wapi.

Na hilo la kubahatisha lina sababu. Wapo watu, takriban mmoja kati ya 10,000, ambao viungo vyao vya ndani vimepangwa kinyume: moyo unaelekea kulia, ini liko kushoto. Wengi wao huishi bila tatizo lolote na hawajui mpaka siku wanapopigwa picha.

Anteria, posteria, superia, inferia: naanzia wapi?

Anzia na jozi hizi mbili, nyingine zitakuja zenyewe. Anteria ni mbele, posteria ni nyuma. Superia ni kuelekea kichwani, inferia ni kuelekea miguuni. Kidari kiko anteria kwa moyo. Figo ziko posteria, zimejibana kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo, ndiyo maana maumivu ya figo mtu huyashika kwa mkono mgongoni, chini ya mbavu. Pua iko superia kwa mdomo, kitovu kiko inferia kwa chembe cha moyo.

Kumbuka kwamba maneno haya hulinganisha. Hakuna kiungo kilicho superia peke yake. Kiko superia kwa kitu fulani. Mwanafunzi anayeandika "ini liko superia" amesema nusu ya sentensi. Superia kwa nini? Kwa figo ya kulia, sawa. Kwa pafu, hapana.

Ventrali na dosali humaanisha upande wa tumbo na upande wa mgongo, na kwa mtu aliyesimama ni karibu sawa na anteria na posteria. Kranialia na kaudali ni kuelekea kichwani na kuelekea kitokono, na utayaona sana katika masomo ya mimba changa.

Mediali na laterali je?

Chora kwa mawazo mstari unaoshuka kutoka utosini, katikati ya paji la uso, pua, kitovu, hadi kati ya miguu. Kilicho karibu na mstari huo ni mediali, kilicho mbali nao ni laterali. Macho ni laterali kwa pua, masikio ni laterali kwa macho.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kidole gumba cha mkono kiko laterali, lakini kile cha mguu kiko mediali. Jibu liko kwenye mimba ya wiki chache. Mikono na miguu huchipua kama vifundo pembeni mwa kiinitete, kisha mikono huzunguka kuelekea nje na miguu huzunguka kuelekea ndani, kila kimoja takriban nyuzi 90. Kwa mzunguko huo viwiko vikaelekea nyuma na magoti mbele. Ndiyo sababu ukikunja kiwiko kigasha huja mbele, na ukikunja goti mguu huenda nyuma, ingawa vitendo vyote viwili vina jina moja, fleksheni.

Neno moja la upande linaweza kuleta madhara gani?

Chukua sindano ya tako, inayojulikana na kila mtu. Neva kubwa kuliko zote mwilini, siatiki, hutoka ndani ya nyonga, ikapita kwenye tako upande wa chini na wa ndani, ikateremka nyuma ya paja hadi mguuni. Sindano ikiipiga, au dawa ikimwagwa karibu nayo, mtu anaweza kuachwa na ganzi, maumivu makali, au mguu usioinuka kifundoni hata akawa anauburuta anapotembea. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa nyama ya tako lao bado ni ndogo.

Kwa hiyo fundisho la tako lina maneno mawili ya upande: superia na laterali. Tako ligawe kwa mawazo mara nne, kwa mstari wa wima na wa mlalo unaokutana katikati, kisha chagua robo ya juu na ya nje. Na lazima uone tako lote. Suruali iliyoshushwa kidogo tu huonyesha ukanda mwembamba wa ngozi, na aliyeshika sindano akahesabu robo za ukanda huo badala ya robo za tako. "Juu na nje" ya ukanda huo inaweza kuwa popote.

Kwa watoto wachanga mahali salama pa chanjo za ndani ya msuli ni paja, upande wa mbele na wa nje, sehemu yake ya katikati. Huko kuna msuli mnene na hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa kuogopa. Ukiona muuguzi wa kliniki ya watoto anashika paja la mtoto na kuligeuza kidogo kabla ya kuchoma, anatafuta upande huo.

Proksimali na distali yanatumika wapi?

Kwa mikono na miguu hasa. Proksimali ni karibu na kiungo kinaposhikamana na kiwiliwili, distali ni mbali na hapo. Goti ni proksimali kwa kifundo cha mguu na distali kwa nyonga. Kwenye mishipa ya damu tunahesabu kutoka moyoni, na kwenye njia ya chakula tunahesabu kutoka mdomoni.

Istilahi hizi zina kazi kubwa katika mivunjiko. Mtu akianguka na kujizuia kwa kiganja, sehemu inayovunjika mara nyingi ni mwisho wa distali wa mfupa wa kigasha wa upande wa gumba. Kifundo cha mkono huvimba, na ukikitazama kwa pembeni kinaonekana kimejikunja kama uma uliowekwa kifudifudi. Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, zaidi ya miaka 80 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa kutazama na kupapasa tu. Alionyesha kwamba kipande cha distali husogea kuelekea dosali, upande wa mgongo wa kiganja. Kipande kikisogea kinyume chake, kuelekea upande wa kiganja, huo ni mvunjiko mwingine na hurudishwa kwa namna nyingine. Neno moja la upande ndilo linaloamua daktari avutie wapi.

Baada ya mkono kufungwa plasta, muuguzi huchunguza hali ya distali: vidole vina joto, vina rangi, vinahisi, vinacheza? Plasta iko kwenye kigasha lakini taarifa ya hatari inatoka vidoleni, kwa sababu damu inapita chini ya plasta kabla ya kufika huko. Mgonjwa akilalamika vidole vinawaka moto au vimekufa ganzi usiku, asiambiwe avumilie hadi asubuhi.

Upande wa gumba na upande wa kidole cha mwisho vina majina?

Ndiyo: radiali ni upande wa gumba, alna ni upande wa kidole cha mwisho. Yanapendwa sana kwenye kigasha na mkono kwa sababu mkono hugeukageuka, na gumba halihami mkono ukigeuzwa. Mapigo ya moyo unayoyahesabu kifundoni yako upande wa radiali. Upande wa kiganja huitwa palma, unyayo huitwa planta, na upande wa juu wa mguu, ulio kinyume cha unyayo, huitwa dosamu, yaani mgongo, japo unaangalia mbinguni.

Mabapa ni nini?

Ni nyuso tambarare za kufikirika zinazoukata mwili. Yako matatu makuu.

Bapa la sajitali linakata kutoka mbele kwenda nyuma na kuacha upande wa kulia na upande wa kushoto. Likipita katikati kabisa huitwa bapa la kati, na ndilo pekee linalotoa nusu mbili zinazolingana kwa nje. Ndani hazilingani hata kidogo, uliza ini. Bapa la koronali linakata kutoka ubavu hadi ubavu na kutenganisha mbele na nyuma. Bapa la transvesi, ambalo kwenye ripoti za picha huandikwa aksiali, linakata kwa mlalo na kutenganisha juu na chini.

Mawili ya kwanza watu huyachanganya. Njia ninayoipenda ni kupapasa fuvu la mtoto mchanga, au kulitazama kwenye mchoro. Mshono unaokwenda kutoka mbele hadi kisogoni katikati ya utosi ni wa sajitali. Ule unaovuka kichwa kutoka upande hadi upande, unaokutana na wa kwanza pale kwenye utosi laini wa mbele, ni wa koronali. Mabapa yamefuata majina ya mishono hiyo.

Mkato wowote usiofuata moja ya haya matatu huitwa wa mshazari. Moyo wenyewe umekaa mshazari kifuani, kwa hiyo wanaopima moyo kwa mawimbi ya sauti hutumia mabapa ya moyo badala ya mabapa ya mwili.

Kipimo cha CT kinanionyesha nini?

CT ni kipimo cha eksirei kinachotumia kompyuta kutengeneza picha za mikato ya mwili. Utaona msururu wa mikato ya transvesi, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi chini. Kwa makubaliano, kila mkato hutazamwa kutoka miguuni, mgonjwa akiwa chali na wewe umesimama miguuni pa kitanda unamtazama kuelekea kichwani. Kwa hiyo ini, lililo kulia kwake, liko kushoto kwa kioo, na uti wa mgongo uko chini ya picha. Kompyuta inaweza kuitumia mikato hiyo hiyo kutengeneza picha za koronali na za sajitali, ndiyo maana ripoti moja hutaja mabapa yote matatu ilhali mgonjwa aliingia kwenye mashine mara moja tu.

Chali, kifudifudi na ubavu: kitaalamu vinaitwaje na vinatumika lini?

Kulala chali ni supini, kulala kifudifudi ni proni, kulala kwa ubavu ni laterali, kushoto au kulia kutegemea ubavu ulio chini. Lugha yetu ilikuwa na maneno haya tangu zamani na wagonjwa wanayaelewa bila maelezo, kwa hiyo ukiwa kitandani mwa mgonjwa sema chali na kifudifudi. Supini na proni waachie faili.

Mgonjwa wa chali asiyejigeuza huumia sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi: kisogo, viwiko, mfupa wa juu ya kitokono, visigino. Vidonda vya kitandani huanzia hapo. Ndugu wanaouguza nyumbani wafundishwe kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi na kutazama visigino kila siku. Visigino husahaulika kwa sababu vimefunikwa shuka.

Kifudifudi ilizungumzwa sana wakati wa korona, lakini ushahidi wake ni wa kabla ya hapo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 466 wenye upungufu mkali wa hewa katika vyumba vya uangalizi maalumu, karibu vyote vya Ufaransa. Kwa waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa mkupuo, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 16, na kwa waliobaki chali vilikuwa asilimia 32.8. Anatomia inasaidia kueleza: sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa dosali. Mtu akiwa chali, moyo na uzito wa mapafu yenyewe hulalia sehemu hiyo. Akigeuzwa, inapata nafasi ya kufunguka.

Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: alazwe chali. Marekani ilianza kuhimiza hivyo kitaifa mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata.

Mtu aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu, ili ulimi usizibe koo na matapishi yatoke nje. Akiwa ameanguka kwenye pikipiki na unahofia shingo, usimgeuze isipokuwa njia ya hewa iko hatarini, na hapo kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuzwe kwa pamoja, watu kadhaa wakisaidiana.

Kuna mikao mingine ninayopaswa kuijua?

Fowla ni kuketi nusu kitandani, kichwa kimeinuliwa nyuzi 45 hadi 60. Mgonjwa wa moyo au pumu huuomba mwenyewe bila kujua jina. Anayelishwa kwa mpira ainuliwe angalau nyuzi 30 ili chakula kisirudi kikaingia mapafuni. Trendelenburg, jina la daktari wa upasuaji wa Ujerumani wa karne ya 19, ni kulala chali kitanda kimeinama upande wa kichwa, hivyo utumbo husogea kuelekea kifuani na kumwachia daktari nafasi ya kufanya kazi nyongani.

Mkao wa magoti na kifua unafanana sana na sujudu: magoti na kifua chini, makalio juu. Mkunga huutumia kamba ya kitovu cha mtoto inapotangulia kabla ya kichwa, wakati mama anasubiri kupelekwa kwenye upasuaji. Kichwa cha mtoto kinarudi nyuma kidogo na kuacha kubana kamba hiyo. Mama Mwislamu hahitaji maelekezo marefu, mwambie asujudu.

Kwa nini mjamzito anaambiwa alale ubavu wa kushoto?

Vena kubwa inayorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni hupanda mbele ya uti wa mgongo, kidogo upande wa kulia wa mstari wa kati. Mimba ikishakuwa kubwa na mama akalala chali, mji wa mimba huilalia. Damu inayorudi moyoni hupungua, mama huona kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu, na mtoto hupata damu pungufu. Kuegemea kushoto huuondoa uzito juu ya vena hiyo. Katika chumba cha upasuaji huwekwa mto au shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia.

Kuhusu kujifungua, kulala chali miguu imeinuliwa kwenye vishikizo kunamrahisishia mhudumu kuliko mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza mama ahimizwe kuchagua mkao anaoutaka, ikiwemo ya wima kama kuchuchumaa au kupiga magoti. Naunga mkono kwa moyo wote, na ningependa kuona kila wodi ya wazazi ikiutekeleza.

Tumbo linagawanywaje?

Kwa robo nne zinazokutana kitovuni, au kwa kanda tisa. Kwa kazi za kila siku robo zinatosha. Ini na nyongo ziko robo ya juu kulia. Bandama iko juu kushoto. Kidole tumbo kiko chini kulia. Kanda ya juu katikati, chini tu ya kidari, ndiyo chembe cha moyo, na mgonjwa anayesema "chembe inaniuma" amekupa mahali kamili kuliko anayesema tumbo. Lakini usiishie kwenye tumbo: mshtuko wa moyo nao unaweza kuuma hapo hapo.

Maumivu ya kidole tumbo huanza mara nyingi katikati, karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia. Mwaka 1889 Charles McBurney wa New York alionyesha pa kubonyeza: vuta mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, na pima theluthi moja kutoka kwenye mfupa.

Majina ya miendo yananichanganya. Nisaidie.

Fleksheni ni kukunja, ekstensheni ni kunyoosha. Abdaksheni ni kupeleka kiungo mbali na mstari wa kati, adaksheni ni kukirudisha. Mbili hizi zinasikika karibu sawa, kwa hiyo kwenye simu au ukimsomea mwenzako, sema "kutanua" au "kurudisha" baada ya istilahi. Supinesheni hugeuza kiganja kitazame mbele, pronesheni hukigeuza kitazame nyuma.

Kwa mbuzi na ng'ombe istilahi ni zile zile?

Si zote. Mnyama wa miguu minne tumbo lake linatazama chini, kwa hiyo madaktari wa mifugo hutumia dosali kwa upande wa mgongo, ventrali kwa upande wa tumbo, kranialia na kaudali kwa mbele na nyuma. Superia na inferia wanayaepuka.

Nikiandika rufaa kwa Kiswahili, nizingatie nini?

Taja upande, kiungo, uso wa kiungo, na umbali kutoka alama isiyohama. "Jeraha mguuni" halimsaidii mtu, kwa sababu kwetu mguu ni kuanzia nyonga hadi vidole. Linganisha na hili: "Jeraha la urefu wa sentimita 4 kwenye muundi wa mguu wa kulia, upande wa laterali, sentimita 6 chini ya goti, linaenda sambamba na mfupa." Anayepokea ataandaa vifaa kabla gari halijafika, na atajua kwamba neva inayopita hapo karibu inahitaji kuchunguzwa: mwombe mgonjwa anyanyue kifundo cha mguu.

Usifupishe upande. Kulia na kushoto yote huanza na K, na "mguu wa K" iliyoandikwa kwa haraka usiku inaweza kusomwa vyovyote. Andika neno zima, kila mara, hata kama umeshaliandika mstari wa juu yake.